Wazee Wanaposema "Maneno Yamevunjika": Maswali Yenu Kuhusu Nyimbo za Jadi na Watunzi wa Simfoni

Barua za mwezi huu zimetoka kwa walimu wa kwaya, wapiga kinanda na wanafunzi, kuanzia Kondele hadi Njoro. Nyingi zinazunguka jambo moja: mtu anachukua wimbo wa nyumbani, anauandika kwenye karatasi, na ukifika jukwaani haufanani tena na ule alioupokea. Watunzi wa Ulaya walikutana na shida hiyo hiyo, na baadhi yao waliacha njia za kazi ambazo bado zinafaa. Tumejibu kwa kirefu pale palipohitaji.

Nimepangilia wimbo wa Kiluo kwa sauti nne. Noti ziko sawa na kwaya inaimba safi, lakini wazee waliotusikiliza walisema maneno yamevunjika. Nimekosea wapi?
*Mwalimu wa kwaya, Kondele, Kisumu*

Wazee wako sahihi, Mwalimu, na kosa haliko kwa waimbaji. Dholuo, yaani Kiluo, ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, na ndiko kunakotenganisha kitendo kilichokwisha na kile kinachoendelea. Mwimbaji wa nyumbani hajaandikiwa sheria hiyo popote, ila tyuni yake inaiheshimu. Ukitazama soprano utakuta umeihifadhi vizuri. Sasa tazama besi. Harmonia ya tenzi tuliyoirithi makanisani hupenda sauti ziende kinyume: mwishoni mwa mstari soprano inashuka kutoka r kwenda d, na besi inapanda kutoka s ya chini kwenda d. Besi wako wanatamka silabi zilezile kwa toni iliyogeuzwa. Robo ya kwaya inasema neno jingine, na sikio la mzee linalidaka papo hapo.

Dawa yake ni hii: kila sauti inayobeba maneno ielekee upande mmoja na tyuni. Kwa wimbo wa noti tano, yaani d r m s l, tumia kanuni ya kuruka noti moja. Chini ya l weka m, chini ya s weka r, chini ya m weka d, chini ya r weka l ya chini, chini ya d weka s ya chini. Soprano ikiimba s s m r, alto inaimba r r d l. Wanaume nao wanarudia mistari hiyo hiyo miwili, oktavu moja chini. Utasikia mlio mkavu kidogo kuliko wa tenzi, kwa kuwa sauti zinaachana kwa noti nne karibu kila mahali, na kwa noti tatu pale tu m inapokutana na d. Usiusahihishe kwa kuchomeka f au t. Noti hizo hazimo katika wimbo, na zikiingia tu, wimbo unaanza kunukia kanisa.

Kama unataka besi nzito inayotembea kivyake, iondolee maneno. Ipe "mm", au silabi zinazoiga ngoma au nyuzi za nyatiti, kinubi cha Waluo. Sauti isiyo na neno haina toni ya kuvunja.

Mambo mawili zaidi huharibu kazi nzuri. La kwanza ni beti. Kwenye tenzi, ubeti wa pili hupachikwa juu ya tyuni ya ubeti wa kwanza bila kubadilisha kitu. Kwa Kiluo, na kwa lugha za Waluhya vilevile, maneno mapya huleta toni mpya, kwa hiyo mwimbaji wa nyumbani hubadilisha noti mbili tatu kila ubeti. Andika kila ubeti peke yake. La pili ni irabu. Dholuo huandikwa kwa herufi tano za irabu lakini ina irabu tisa. Zoezi la "a e i o u" la kufungua midomo hufuta tofauti hizo zote. Mtafute msemaji mzuri wa lugha, atamke mstari mara tatu pole pole, na kwaya iige mdomo wake kabla ya kuiga noti.

Halafu fanya jaribio. Kila sauti iimbe peke yake mbele ya mzee ambaye hajaona karatasi, naye arudie kwa kusema alichosikia. Akirudia maneno sawasawa, sauti hiyo imepita. Akisita, rudi kwenye daftari.

Tunasoma kwamba Béla Bartók alichukua nyimbo za wakulima. Je, huko si kunakili tu?
*Mwanafunzi wa muziki, Njoro, Nakuru*

Bartók, mtunzi wa Hungaria, mwenyewe alieleza njia tatu, na ukizishika utaweza kuipima kazi yoyote ya aina hii, iwe ya Ulaya au ya kwetu.

Njia ya kwanza ni kuchukua tyuni ya wakulima kama ilivyo, au na mabadiliko madogo, na kuiwekea usindikizaji. Ngoma zake sita za Kiromania za mwaka 1915 ziko hapa. Alizikuta zikipigwa kwa fidla na filimbi ya mchungaji, akazileta kwenye piano. Ndani ya njia hii kuna daraja mbili: usindikizaji unaweza kuwa fremu ya picha tu, au tyuni ikawa mbegu, na kilichojengwa kuizunguka kikawa ndicho kikubwa. Njia ya pili ni kutunga tyuni yako mwenyewe inayofuata tabia za nyimbo za jadi. Ya tatu haina tyuni ya jadi wala ya kuiga, lakini muziki mzima umekolea harufu ya kijijini, kama mtu anayesema lugha ya mama bila kunukuu methali hata moja. Bartók aliona hii ya tatu ndiyo inayoonyesha mtunzi amekomaa, na tunakubaliana naye.

Mfano wa njia ya kwanza umeuimba tangu shule ya msingi. Wimbo wa taifa la Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963, umetokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa mto Tana. Kati ya watu 5 waliokabidhiwa kazi hiyo walikuwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, ambaye baadaye alifanya utafiti mkubwa wa kinubi cha Waluo. Uimbe pole pole, bila bendi, kama unamlaza mtoto. Bembelezo lile bado limo.

Kuhusu kunakili: anayenakili hufanya kazi na kitabu. Bartók na rafiki yake Zoltán Kodály walikwenda vijijini na fonografu, mashine ya zamani ya kurekodi sauti, kuanzia miaka ya 1905 na 1906, na mwaka huohuo wa 1906 wakachapisha pamoja nyimbo 20 za Kihungaria. Baadaye Bartók alirekodi Waslovaki, Waromania, Waarabu wa Biskra nchini Algeria mwaka 1913, na Uturuki mwaka 1936. Vijijini kwa Wahungaria ndiko alikogundua kwamba nyimbo za zamani za Wahungaria zilikuwa za noti tano na zenye kushuka, tofauti kabisa na muziki wa mahotelini ambao Ulaya nzima iliuita wa Kihungaria.

Nataka kurekodi nyimbo za kukhu (bibi) wetu kijijini kabla hazijapotea, kisha nizipangilie. Nina simu tu. Nianzie wapi?
*Msomaji, Mbale, Vihiga*

Simu inatosha. Silinda za nta alizotumia Bartók zilibeba dakika 2 hivi za sauti, kwa hiyo mara nyingi alipata beti za mwanzo tu. Wewe unaweza kurekodi asubuhi nzima. Kinachoharibu kazi ni mipangilio ya simu na utaratibu mbaya.

Tumia programu ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV, na uzime ule mpangilio unaojirekebishia sauti wenyewe. Usipouzima, kila ngoma ikilia simu itamshusha mwimbaji, kisha itampandisha, na utapata wimbo unaopumua kama mgonjwa. WAV ya kawaida hula karibu MB 10 kwa dakika, au MB 5 ukirekodi chaneli moja, basi hakikisha una nafasi. Weka simu kwenye hali ya ndege. Iweke juu ya leso iliyokunjwa, si mezani moja kwa moja, umbali wa nusu mita hadi mita moja kutoka kwa mwimbaji, ikikaa kando kidogo ya mdomo wake. Nyumba ya mabati huvuma na kurudisha sauti. Chini ya mti ni bora kama hakuna upepo.

Utaratibu ni huu. Kwanza omba ruhusa, na ruhusa hiyo isikike kwenye rekodi, pamoja na tarehe, mahali, lugha na shughuli ya wimbo: ni wa harusi, wa matanga, wa kupalilia, wa kumlaza mtoto? Kisha mwache kukhu aimbe wimbo mzima bila kumkatiza, na makofi yake na waitikiaji wake. Wengi hukosea hapa kwa kumtenga peke yake mapema ili "sauti iwe safi". Mwimbaji aliyezoea kuitikiwa akikosa kiitikio hupoteza beti, na hata mwendo unabadilika. Akishamaliza, ndipo umwombe kiongozi peke yake, kisha kiitikio peke yake, kisha ngoma peke yake. Mwisho aseme maneno bila kuimba, pole pole. Rekodi hiyo ya kusema ndiyo itakayokuokoa ukifika kwenye toni.

Ukituma faili kwa WhatsApp, litume kama hati, si kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti hubanwa na kupoteza mengi. Weka nakala tatu sehemu tatu.

Kuandika kuna siri yake. Bartók alisikiliza silinda mara nyingi, akapunguza kasi kwa tyuni zenye madoido, akaandika noti kuu kwa ukubwa wa kawaida na madoido kwa noti ndogo. Fanya vivyo hivyo: siku ya kwanza andika mifupa tu, siku ya pili ongeza nyama. Tena aliandika karibu kila wimbo ukimalizikia kwenye noti ileile, G, ili nyimbo mia zikiwekwa mezani mtu aone ndugu ni wapi. Ukitumia solfa, andika juu ya karatasi noti ya mwisho ni ipi na ufunguo halisi alioimbia kukhu. Kwaya nyingi hupandisha wimbo wa bibi hadi kwenye kilele cha soprano na kuufanya kelele. Sauti ya chini ilikuwa sehemu ya wimbo.

Isukuti inaandikwaje? Nikitumia 4/4 inakuwa kama bendi ya shule, nikitumia 6/8 wapiga ngoma wanasema bado siyo.
*Mwalimu, Khayega, Kakamega*

Karatasi yako inaanza na mstari wa kipimo, na ngoma haianzi hapo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, inashikana na miguu ya wachezaji. Hivyo mwulize mchezaji, si mpiga ngoma wala mwimbaji, mguu unatua wapi.

Chora masanduku 12 na usiandike alama ya kipimo bado. Mguu uweke kwanza. Kisha jaza kila ngoma kwenye mstari wake. Huu hapa ni mfano wa kujifunzia tu, si mdundo wa isukuti:

Miguu: x . . x . . x . . x . .
Ngoma: x . x . x . x . x . x .

Miguu inatua mara 4, ngoma inalia mara 6, katika muda uleule. Anayeandika 4/4 huwa anaibana ngoma ili iangukie kwenye miguu. Anayeandika 6/8 huigawa katikati na kutia mkazo sanduku la 1 na la 7, na mkazo huo haukuwepo. Ukiandika 12/8, weka onyo juu ya karatasi kwamba mstari wa kipimo hauna mkazo. Kosa jingine la kawaida ni kuanza kuhesabu pale kiongozi anapotamka neno la kwanza. Mara nyingi kiongozi huingia baada ya mguu au kabla yake, na ukimfanya yeye kuwa "moja" umegeuza ngoma nzima.

Suala la kugawa mapigo lilimshughulisha Bartók pia. Ngoma sita za mwisho katika Mikrokosmos, mkusanyiko wake wa vipande vya piano, zinatumia mdundo wa Kibulgaria, na ya kwanza kati yake ni 9/8 iliyogawanywa 4+2+3, wala si 3+3+3. Na mtunzi György Ligeti, alipokuwa akitunga etudi (vipande vya mazoezi) zake za kwanza za piano zilizotoka mwaka 1985, alikuwa amesikiliza rekodi za mtafiti wa muziki Simha Arom za Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko alikuta alichokuwa akikitafuta: mapigo madogo, ya haraka, yaliyo sawa, na juu yake tabaka ambazo kila moja ina mkazo wake. Mtu wa Khayega akizisikiliza etudi hizo hatashangaa sana.

Ninapiga nyatiti, na ndugu yangu anapiga kinanda. Tukipiga pamoja inauma masikio. Nani abadilike?
*Msomaji, Bondo*

Kinanda ndicho chenye noti zisizosogea, nyatiti hukazwa nyuzi kwa sikio la mpigaji. Chukua programu ya kupimia noti kwenye simu na upime nyuzi zote nane, moja moja, ukiandika kila uzi uko senti ngapi juu au chini ya noti ya kinanda. Kati ya noti mbili zilizo jirani kwenye kinanda kuna senti 100. Uzi ulio senti 10 mbali hautasumbua sana. Ulio senti 40 mbali utauma, na kuuvuta ufuate kinanda ni kuua rangi ya ala. Bora kinanda kinyamaze kwenye noti hizo na kipige zile zinazokubaliana, hata zikiwa mbili tatu tu. Nyuzi za nailoni ya kuvulia samaki hulegea zikiwa mpya na jua likipanda, basi pima tena kabla ya kuanza.

Kama nia ni kuhamisha muziki wa nyatiti kwenye piano bila nyatiti kuwepo, fuata mfano wa Edvard Grieg, mtunzi wa Norwe. Mpiga fidla ya Hardanger, fidla ya jadi ya huko, Knut Dahle, alihofia tyuni zake zingekufa naye. Mpiga fidla na mtunzi Johan Halvorsen alikaa naye mwaka 1901 na kuandika kila kitu. Grieg akatunga vipande 17 vya piano kutokana na maandishi hayo, na mwaka 1903 akataka yachapishwe yote mawili pamoja, ya fidla na ya piano. Fidla ile ina nyuzi za chini zinazovuma zenyewe, na Grieg hakuzifuta. Aliacha noti jirani zigongane na uvumi uendelee chini ya tyuni.

Kwenu: gawanyeni nyuzi kati ya mikono kama mpigaji anavyozigawa, hata ikiwa vidole vingeona urahisi mkono mmoja. Pete ya kidole gumba cha mguu, ile inayogonga mbao, ipeni noti moja ya chini kabisa, fupi na kavu, au gonga kwenye ubao wa piano. Pedali ikanyagwe na kuachiwa mara moja kila mzunguko. Na ule mkwaruzo wa nyuzi msiufikirie kuwa uchafu. Ndio unaoifanya nyatiti isikike mbali.

Largo ya Dvořák ni wimbo wa watumwa? Kwaya yetu inauimba kama wimbo wa kiroho.
*Mwanakwaya, Milimani, Nakuru*

Hapana. Antonín Dvořák alifundisha New York kuanzia 1892 hadi 1895, na mwanafunzi mmoja Mweusi, Harry Burleigh, alimwimbia nyimbo za kiroho za watu wake. Dvořák alizipenda mno, lakini tyuni ya Largo, sehemu ya mwendo wa pole katika simfoni yake ya tisa, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Carnegie Hall tarehe 16 Desemba 1893, aliitunga mwenyewe. Maneno yanayoimbwa aliyapachika William Arms Fisher mwaka 1922. Hiyo ndiyo njia ya pili ya Bartók tuliyoitaja juu.

Kinyume chake pia kipo. Tyuni iitwayo Forest Green, inayoimbiwa wimbo wa Krismasi wa mji mdogo wa Bethlehemu, ni ya jadi kweli. Mtunzi Ralph Vaughan Williams aliipata mwaka 1903 katika kijiji cha jina hilo huko Surrey, Uingereza, ikiimbiwa hadithi ya kijana mlima kwa plau, akaitia katika kitabu cha tenzi cha 1906.

Nikipangilia wimbo wa Wabukusu, ni wangu? Niandike nini juu ya karatasi?
*Mwalimu wa kwaya, Bungoma*

Ulichoongeza ni chako: harmonia, utangulizi, mpangilio wa sauti. Tyuni na maneno ni ya jamii. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inataka ridhaa ya jamii itolewe mapema, kwa kujua, pale wimbo unapotolewa nje ya matumizi yake ya kawaida. Kabla ya kuuza rekodi, zungumza na wazee na uulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Kuwa mwangalifu pia usiite cha jadi kitu chenye mwenyewe. Mtunzi Mjerumani Johannes Brahms alipotoa ngoma zake za Kihungaria mwaka 1869, alidhani tyuni ya namba 5 ni ya watu wote. Ilikuwa ya Béla Kéler, mtunzi aliyekuwa hai. Kwetu nyimbo nyingi zinazoitwa za kale zilitungwa na mtu ambaye watoto wake wako hapo Webuye au Kimilili. Uliza watu watatu wa vijiji tofauti nani aliuanzisha. Jina lilelile likitajwa mara mbili, umepata mtunzi.

Juu ya karatasi, upande wa kushoto, andika: wimbo wa Wabukusu, shughuli yake, jina la aliyekuimbia kama ameridhia, kijiji na mwaka. Upande wa kulia andika jina lako na neno "mpangiliaji". Usiandike "mtunzi". Nyuma ya karatasi weka tyuni kama ilivyorekodiwa, bila harmonia yako, ili atakayekuja baadaye aweze kuanzia pale ulipoanzia wewe.